Mlango wa Wimbo wa Tatu

"Hip hop mimi siielewi, dada," mteja alisema. "Lakini jazi naipenda. Kwa huyu prodyuza nianzie wapi?"

Tangu wamzike prodyuza huyo, kaka yake muuzaji, watu waliokuwa hawamjui walimiminika dukani kumuulizia, na yeye akiwajibu vilevile, kama anayetaja bei.

"Wimbo wa tatu. Fuata piano, ngoma zitakufuata zenyewe."

Aliweka santuri, akampa hedifoni. Mteja alifumba macho, kichwa kikaanza kutikisika. Muuzaji akachukua kitambaa, akafuta kioo cha kaunta kilichokuwa safi tayari.

"Kuna mlango unalia humu!" mteja alipaza sauti, kama wafanyavyo walioziba masikio. "Unafunguka, unafunguka tena. Kumbe ndio unaoshika mdundo!"

"Alikuwa anarekodi nyumbani. Dada yake akaingia na chai, akamharibia. Yeye hakuufuta ule mlio, akaugeuza ngoma."

"Ana bahati huyo dada! Kausikia kabla ya watu wote. Alisemaje?"

Muuzaji alikuwa bado anafuta palepale.

"Alimwambia apunguze makelele," alisema, "kisha akaufunga mlango."