Sufuria ya Shaba

"Funga lango, shoga," jirani alimnong'oneza Drahuše. "Mjerumani huyo. Kijiji hiki chote kilikuwa chao hadi walipofukuzwa baada ya vita. Sasa mpaka umefunguliwa, kaja kudai nyumba."

Drahuše aliacha kukoroga jemu ya plamu, akaenda akatia komeo la lango. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, vinanata.

Nje ya nondo za lango, yule mama wa Kijerumani mwenye mvi hakuitazama nyumba. Aliitazama sufuria kubwa ya shaba iliyokuwa ikitokota uani, karibu na kisima.

"Jemu itashika chini, upande wa kisimani," alisema kwa Kicheki cha kuchechemea. "Mama yangu alikuwa akiisugua mpaka machozi yanamtoka."

Kila mwaka jemu ilimwungulia Drahuše upande huohuo, na hakuwahi kumwambia mtu.

Akafungua komeo.

"Basi ingia ukoroge, mama. Mimi mkono umeshachoka."