Tundu la Mashua ya Danjal

Elspa alikuwa akifunga rada kwenye mashua yenye tundu.

Heini alisimama mlangoni pa banda la mashua, mikono mfukoni, akimtazama Elspa, mjane wa kaka yake Danjal, alivyomshikia fundi Roi ngazi. Tundu lilikuwa palepale ubavuni, kama mwamba ulivyoliacha majira ya baridi yaliyopita, mawimbi yalipoirudisha mashua pwani bila Danjal.

"Shemeji, tundu hilo anapita mwana-kondoo," alisema. "Utaliziba lini?"

"Halinisumbui."

"Litakuzamisha!"

"Umekuja kusaidia au kupiga kelele? Shika waya huo."

Heini akaushika. Ulikuwa mrefu kupita kiasi, umeviringishwa ukawa mzigo mzito kama kamba ya nanga.

Roi aliinama kutoka juu ya paa la kibanda cha usukani. "Mama, rada isikae usawa wa kichwa chako, mionzi yake si ya kuchezea. Halafu ikiwa juu ndiyo inaona mbali."

"Basi ipandishe zaidi."

"Mashua ndogo hii. Mlingoti ukizidi, itapinduka."

"Haitapinduka. Pandisha."

Roi alimtazama, akatabasamu na kuanza kufungua skrubu upya.

Ikaja zamu ya redio ya mawasiliano. Roi alitaka kuifunga mbali na dira, kwa sababu sumaku ya spika huivuta sindano ikadanganya. Elspa akatikisa kichwa. "Iweke hapa, karibu na kiti changu. Dira nimempa Heini."

Heini akajumlisha yote. Mashua yenye tundu, isiyo na dira, na mwanamke ambaye hakuna aliyemwona akilia tangu yale mazishi yasiyo na jeneza.

Alijua vizuri kaka yake alivyokufa. Injini ilizimika ndani ya ukungu, na Danjal akaita redioni kwamba yuko nje ya Jino la Kasisi. Kila mtu wa kijiji anaujua mwamba huo. Lakini aliyeupokea wito wake alikuwa kwenye kituo cha uokoaji cha mbali, mjini. "Jino la nini? Tafadhali rudia. Halimo kwenye ramani." Danjal alirudia, akarudia tena, hadi sauti yake ikakatika. Elspa aliyasikia yote jikoni, kwa kiredio cha kusikiliza tu, kisichoweza kujibu. Alikimbia akagonga milango, na wanaume walipofika mwambani hawakukuta mtu.

Baadaye Elspa aliwaomba watu wa kituo kile kibali cha kufunga redio na rada nyumbani kwake. Wakamjibu kwamba vyombo hivyo ni vya mashua, si vya jikoni.

"Basi mashua ninayo," aliwaambia, akakata simu.

Sasa Heini alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kumfuata Danjal si dawa."

Elspa aligeuka, bisibisi mkononi. "Hakuna mtu wa kijiji hiki atakayeita tena jina la mahali petu akakosa wa kumjibu. Hakuna! Wakitaka, waje wanikamate."

"Kwa umri wako? Uzunguke baharini kwenye ukungu?"

"Nimekwambia shika waya."

Jioni ile Heini alitia kufuli kwenye banda, akaondoka na ufunguo. Roi alipita kwake kuazima trekta, eti akabebe nyasi. Heini alimpa bila kuuliza fundi wa redio na nyasi wapi na wapi. Mawazo yake yalikuwa kwingine.

Asubuhi alikuta kufuli limekatwa na banda tupu.

Hakungoja kutazama alama kwenye changarawe. Ukungu ulikuwa unaingia ghubani. Alirukia mashua yake, akawasha injini, akatoka akiliita jina la Elspa kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Akaita mpaka koo likakauka. Ukungu ulizidi hata omo, pua ya mashua, haikuonekana, na mara akasikia mawimbi yakipasuka kwenye mwamba, karibu sana, asijue ni upande gani.

Akanyakua kipaza sauti cha redio. "Nimepotea! Nadhani niko karibu na Jino la Kasisi!"

"Jino la nini?" kituo kikajibu. "Tafadhali rudia."

Akarudia, kama Danjal alivyorudia.

Kisha ikaingia sauti nyingine, kali kama ya mtu anayefukuza kuku. "Mpishe mwenye kulijua! Heini, punguza mwendo. Nakuona."

"Shemeji! Uko wapi? Nakuja kukuchukua!"

"Unichukue uende nami wapi, mwanamume mzima umepotea mlangoni kwako! Jino liko mkono wako wa kulia. Dira ya Danjal unayo? Elekea mashariki. Taratibu."

"Mama, wewe ni nani?" kituo kikauliza. "Nani kakuruhusu kutumia redio?"

"Niko ndani ya mashua yangu. Mlisema inaruhusiwa. Heini, kushoto kidogo. Hapo hapo. Nyoosha."

Mngurumo wa mwamba ulipita upande wa kulia, ukabaki nyuma. Heini alifuata sauti ile kama aliyeshikwa mkono, hadi ubavu wa mashua ulipogusa gati.

"Umefika," Elspa akasema. "Funga kamba."

"Na wewe? Tundu lile, shemeji! Maji yamefika wapi?"

"Maji?" Akacheka, na Heini hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko hicho. "Hebu tazama juu."

Ukungu ulikuwa unapasuka. Juu kupita paa la kanisa, juu kupita kuta za mwisho za malisho, mashua ya Danjal ilikaa kwenye majani ya kilele cha kilima karibu na trekta la Heini, rada ikizunguka, waya ule mrefu ukitelemka kuelekea kijijini, na kwenye lile tundu mwana-kondoo alikuwa ametoa kichwa, anatafuna.