Mstari wa Nungunungu

Wanyama wa Mkunguni walichagua meya kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, naye mgombea alikatazwa kugeuka. Nungunungu alitega sikio, asisikie hata pumzi moja nyuma yake. Akanywea. Amewakosea nini majirani?

Mpinzani wake, Ngiri, akacheka. "Bibi wee, mimi nahemewa kisogoni. Wewe hata inzi hakutaki."

Korongo alipomaliza kuhesabu, aliwaruhusu wageuke. Nyuma ya Ngiri walikuwapo mkewe na wanawe tu. Nyuma ya Nungunungu palikuwa na uwazi mpana, kisha mji mzima.

"Mbona mmesimama mbali hivyo?" aliuliza Nungunungu.

"Tunakupenda, mama, ila miiba yako iko mgongoni," Swala akajibu. "Sasa umegeuka, tuje tukukumbatie."

Wakaja, mke wa Ngiri akiwa mbele.