Daraja Lipewe Jina la Nani

"Wanaotaka daraja letu lipewe jina la yule Rais, nyanyueni kadi," alisema mwenyekiti wa mkutano wa mji.

Baba akamgeukia Mama. "Heidrun, ukinyanyua hiyo, utarudi nyumbani kwa miguu, na theluji yote hii."

"Nimezoea. Berlin nilitoroka kwa miguu."

Baba alikuwa mwongoza ndege, kwenye mnara wa uwanja. Yeye na wenzake kote Marekani waligoma, Rais akawafukuza kwa mkupuo, na tangu hapo Baba hajalitamka jina lake. Lakini Rais huyohuyo ndiye aliyesema ukuta uliogawa Berlin ubomolewe, watu wakamcheka. Ukuta ulipoanguka, Mama alirudi akamkuta bibi yangu, aliyemwacha huko, angali hai.

Mama akanyanyua kadi.

Mhesabu kura alikuja polepole, safu kwa safu. Bega bovu la Mama likaanza kumshinda. Kiwiko kikatetemeka, kadi ikashuka mpaka usawa wa sikio.

"Shusha, mkaidi wewe."

"Sishushi. Alinisemea nilipokuwa sina wa kunisemea."

Baba akashusha pumzi. Akaweka kiganja chini ya kiwiko cha Mama, akakiinua.

"Na wewe, mzee?" mhesabu kura akauliza.

"Mimi sitaki," Baba akajibu, mkono wake ukiwa palepale.