Miaka ya Mkewe

"Toa saba," mume akasema, huku akichokonoa meno kwa kijiti.

Nilikuwa nimemuuliza kuhusu mkewe, aliyelala mkekani mbele yetu, kiharusi kimemfunga mdomo na mkono mmoja: kama amebakiwa na miaka kumi, angetoa mingapi ili inayobaki aishi akiwa mzima? Kwa majibu kama hayo sisi watafiti tunapima kama dawa inastahili bei yake.

"Na ingekuwa wewe, bwana?" nikamuuliza.

"Mimi? Hata mmoja sitoi, thubutu!" Akatema kipande cha nyama sakafuni, karibu na mto wa mkewe.

Nikamgeukia mkewe. Lakini utaratibu wetu ni kwamba asiyeweza kusema husemewa na mtu wake wa karibu.

Nilikuwa nimeshaandika saba, mkono wa mkewe, ule mzima, ulipoikamata kalamu yangu.