Nyigu Mchoraji na Chumba cha Malkia

Nyigu yatima, aliyelelewa na Malkia wa nyuki, alichora upesi kuliko wote mzingani. Akataka kuchorea chumbani kwa Malkia, zilikowekwa rangi.

"Kila rangi niombe dirishani? Mnanichelewesha!"

"Chelewa, kaka," akajibu nyuki mlinzi. "Humu kuna mama na mayai. Wewe ni wa barazani."

"Roho mbaya tu!"

Siku ya sherehe Nyigu akachora pale barazani kwa kasi mno, akashikwa na kizunguzungu, akagonga nguzo. Baraza lote likaporomoka. Chumbani halikutikisika hata yai moja.

Walipomfukua, alimkumbatia mlinzi akilia. "Asante, dada. Ningemuua mama."

Baraza lilijengwa upya siku ileile. Basi nyinyi mnaotaka kuingiza kazi ya michoro ndani ya kiini cha kompyuta, ile programu kuu ambayo ikianguka zote huanguka, eti iende mbio, tutafutieni kwanza Malkia wa akiba.