Kiatu cha Pili

Alipokaribia geti la hospitali, mwanamke alivua ndala, akatoa mkobani viatu vyekundu vya ngozi na kuisukuma miguu ndani yake huku amekaza meno. Vilimbana. Vilikuwa vikimbana tangu siku ya kwanza, lakini hakuwahi kuja hapa bila kuvivaa.

"Karibu, mke wa Fundi," mlinzi alimwambia. "Leo yuko vizuri. Asubuhi amevicheka viatu vyangu."

"Akivicheka viatu vya watu, basi anapona kweli," alijibu, wakacheka wote wawili.

Fundi alikuwa fundi viatu. Skizofrenia ilikuwa ikimjia na kumwacha tangu ujana, lakini safari hii ilimganda kama kupe. Tangu shemeji yake, ndugu wa mkewe, azikwe, alishikilia jambo moja tu: mwanamke anayekuja kumwona si mkewe. Ni mtu mwingine, amewekwa badala yake. Jioni aligeukia ukuta na kumlilia mkewe wa kweli, wala hapakuwa na wa kumnyamazisha.

Siku ambazo mwanamke alitaka kuacha kuja, mama yake alimshika mikono. "Mtoto wa watu hana kingine duniani ila mkewe," alimwambia. "Akimkosa, tutamzika na yeye. Jikaze kisabuni, mwanangu."

Kila Ijumaa mshauri aliwakusanya wagonjwa na ndugu zao katika chumba chenye viti vya plastiki. Hakubishana na mtu. Alibandika ukutani picha iliyofunikwa, akaifunua kipande baada ya kipande, akiuliza kila mara: "Mnaona nini? Na mna hakika kiasi gani, kati ya kumi?" Mara ya kwanza waliona mkia, wakaapa kuwa ni nyoka. Mwisho ikawa kamba ya ndoo.

"Akili zetu sote hukimbilia kuamua," mshauri alisema. "Haraka haraka haina baraka."

"Mimi, nikimbilie?" Fundi aliuliza. "Waulize wateja wangu. Kuna bwana harusi nilimpa viatu vyake akiwa na watoto wawili."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Lakini ilipofika zamu ya kusema habari za mkewe, Fundi hakucheka.

"Kumi kati ya kumi," alisema. "Mke wangu hunikata kucha bila kuniuliza. Huyu huomba ruhusa. Mke wangu hula soli upande wa nje, huyu anaila upande wa ndani. Viatu nilivitengeneza mwenyewe."

"Nimekusikia," mshauri alisema. "Je, hakuna maelezo mengine? Mtu aliyefiwa na ndugu yake hubadilika, hata mwendo."

Fundi alifikiri sana. "Labda," alisema, na kumi ikashuka ikawa nane.

Wiki nyingine mshauri alimshauri amuulize mwanamke jambo ambalo mgeni hawezi kulijua.

"Nilikuposaje?" Fundi aliuliza, akimkazia macho.

"Uliniletea kiatu kimoja," alijibu bila kusita. "Ukasema cha pili nitakipata siku nitakayokubali." Kisa hicho kilichekwa nyumbani kwao mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Fundi aliinamisha kichwa, na nane ikawa tano.

Ijumaa hii mwanamke alimkuta Fundi amenyoa ndevu, ameketi karibu na dirisha, mshauri pembeni yake. Daktari alikwisha kusema kwamba imani ile ikilegea, mgonjwa ataruhusiwa kwenda nyumbani.

"Nimeifunua kipande kwa kipande," Fundi alisema. "Mama yako anasema ni wewe. Wauguzi wanasema ni wewe. Kisa cha kiatu unakijua. Sasa watu wote hawa wanidanganye mimi, fundi viatu, ili wapate nini?"

Mwanamke alifungua kinywa. Kuna neno lililomkaa kooni wiki nyingi, na sasa lilimfika ulimini. Akayakumbuka maneno ya mama, akalimeza.

Fundi aliinama, akabonyeza ncha ya kiatu cha mwanamke kwa kidole gumba. "Vinakubana. Hata hili nililifanya ushahidi. Kumbe huzuni nayo huvimbisha miguu. Nikirudi nyumbani nitavitanua." Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa machozi. "Nisamehe, mke wangu. Nilikuzika ukiwa hai. Nakulilia kila jioni, na wewe umekaa mbele yangu."

"Kati ya kumi?" mshauri aliuliza kwa upole.

"Sifuri."

Mwanamke alilia kwa sauti. Fundi alimpangusa machozi kwa kiganja chake kigumu. Kisha akauchukua mkono wake, akautazama, akamwomba muuguzi kikata kucha. Akaanza kumkata kucha, moja moja, bila kumuuliza. Siku hii mwanamke aliiomba kwa Mungu, na ilipokuja ilimuuma kuliko zote zilizotangulia. Mshauri alivua miwani, akawa anaifuta kwa muda mrefu.

Nje ya geti mwanamke alivivua viatu, akatembea peku. Hakushika njia ya nyumbani. Alipita nyuma ya gereji, akaingia makaburini na kusimama kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashikana. Akaweka juu yake kiatu kimoja, halafu cha pili.

"Pacha wangu," alisema, "leo mumeo ameacha kukulilia."

Kisha akapiga magoti, akang'oa majani yaliyoanza kukifunika kibao, mpaka jina likasomeka. Lilikuwa jina lake mwenyewe.